Kunguru wa Mkwaju Wako

Njinjo,
Kilwa.
14 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Leonadi,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hukuileta, ili tusianze bila salamu. Natumaini kifua kimepona na baridi ya Makambako umeizoea. Sisi wazima. Mama naye mzima, ila goti la kushoto.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Jambo ni moja: kunguru.

Usinijibu tena kwamba ndege ni ndege tu. Kunguru wetu mwenye kifua cheupe tumekua naye. Hawa wenye shingo ya kijivu walikuwa wa Masoko, kule pwani. Hapa hawakuwapo mpaka ulipoanza mradi wako wa kuku, ukawa unaleta matumbo ya samaki kila Jumamosi na kuyaanika wazi juu ya turubai. Waliyafuata. Mradi ukafa, wewe ukaondoka, wao wakabaki. Kijiji kizima kinawaita kuku wa Leonadi.

Nimehesabu viota kwenye mkwaju wako: kumi na kimoja. Mwezi uliopita kuku wa Mama waliangua vifaranga ishirini na sita. Wamebaki wanne, nao wanaishi chini ya tenga. Tetere siwasikii tena. Mayai yao yameliwa.

Nilimwita Kondo, yule mkwezi, aangushe viota. Alifika na kamba, akauliza mti wa nani. Mama, badala ya kunyamaza, akasema ni wako, Baba alikupa. Kondo akakunja kamba.

"Shamba la Mama, mti wa Leonadi. Mti wa mtu siupandi, dada. Kesho aseme nimemwibia ukwaju?"

Nikamwambia ukwaju wenyewe bado haujaiva. Akacheka.

"Basi aandike. Mwandiko wake naujua, shuleni alikuwa ananakili kwangu."

Mama hataki Kondo alazimishwe. Anashinda uani na fimbo, kwa goti lile, akilinda vifaranga wanne.

Kwa hiyo shika kalamu. Maneno mawili yanatosha: viota vishushwe. Sasa hivi ni mayai. Ukichelewa wiki tatu ni kunguru. Usiongeze neno, hasa pole.

Shangazi Antonia anakusalimu, na Kondo pia. Mungu akulinde na akuongezee aibu. Mama anakusalimu sana. Kati ya wale wanne, mmoja amekuwekea wewe, ukija Krismasi. Mimi nisingekuwekea.

Dada yako akupendaye hata hivyo,
Dativa