Toba ya Kaka Imefika kwa Shangazi

Mama,

Leo sikumaliza kupiga pasi. Sare zako mbili ziko tayari, ya tatu niachie. Chai imo kwenye chupa. Mimi na kaka tumeitwa kwa shangazi. Ndiyo, hata mimi! ~~Usimwambie baba.~~ Mwambie baba, tena kwa sauti. Kaka usimgombeze, nimeshamsamehe.

Alinikuta kwenye pasi, ametoka msikitini. Kumbe gauni la harusi la binti wa shangazi aliliunguza yeye, akanisingizia mimi, nanyi mkaamini! Shangazi akaacha hata kunisalimia.

“Kila alfajiri naomba toba mpaka nalia,” akasema, “lakini moyo hautulii.”

Basi mimi, huyu mnayeniita Bibi Kimya, nikafungua mdomo: “Mungu umemwomba. Mimi je? Na shangazi je? Haki ya mtu huombwa kwa mwenyewe.”

Alijikuna kichwa weee! Mwishowe akampigia shangazi simu, nami nimemsimamia kama askari.

“Shangazi, gauni niliunguza mimi. Mdogo wangu nilimsingizia kwa sababu nilijua hatajitetea. Nisameheni nyote wawili.”

Binti yako