Tulisukuma Gari Ambalo Halijazima

Jumamosi, Bunia. Mvua ya asubuhi imekatika, vumbi limelala. Moyo wangu nao umetulia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Nianze na aibu. Jumatano Mama Kahindo alileta gari lake gereji. Ni mfanyabiashara wa maharagwe aliyehamia hapa kutoka Butembo, na gari hilo ndilo linalomfikisha Komanda kununua mzigo. Lilisimama langoni, kimya kabisa. Nikadhani limezima. Nikawaita majirani wawili, tukainama, tukasukuma kwa nguvu zote. Ghafla likaondoka lenyewe, likatuacha tumeinama pale kama watu wanaotafuta sindano. Mama yuko kwenye usukani, ananiita kwa jina huku akicheka mpaka machozi.

— Lotsove, iko inawaka!

Ni haibridi, au ibridi kama tunavyosema hapa: injini ya mafuta na mota ya umeme ndani ya gari moja. Gereji nzima ilinicheka. Mimi ndiye fundi pekee mwanamke pale, niliyefika kutoka Bule na begi moja na spana za baba. Kwa hiyo Mama aliponiuliza kuhusu taa nyekundu inayowaka, na gari linalokosa nguvu mlimani, sikuthubutu kusema sijui. Nikakunja uso kama daktari, nikamwambia betri kubwa imekufa.

Nilidanganya.

Sikuwa hata nimefungua nyuma. Niliziogopa zile waya nene za rangi ya chungwa, zinazopitisha umeme mkali. Mama akaniamini, akatafuta mtu wa Komanda aje Jumatatu kulichukua alifungue, auze vipuri kimoja kimoja.

Alhamisi na jana nilisoma kwenye simu mpaka macho yakaniuma. Kumbe ibridi si za aina moja. Ziko ambazo mota yake ni ndogo, inasaidia injini tu, kama mtu anayekusukuma mgongoni ukiwa kwenye baiskeli mlimani. Peke yake haikufikishi popote. Ziko ambazo injini haizungushi magurudumu kabisa. Inafanya kazi ya jenereta, inatengeneza umeme, na mota ndiyo inayoendesha gari. Halafu ziko za kuchomeka ukutani. Hizo, kwa umeme wetu huu wa Bunia, sijui zingeishije!

La Mama ni jingine. Mota na injini hupokezana, na mara nyingine huvuta pamoja. Likisimama au likienda polepole, injini inaweza kulala huku mota ikiendelea, ndiyo maana lilikuwa kimya pale langoni. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ile nguvu ambayo magari mengine huitupa kwenye breki, hili linaiokota. Nilifurahi kama mtoto niliposoma hapo.

Kisha nikakuta mstari ulionishtua. Betri kubwa iko nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu dogo pembeni mwa kiti cha nyuma; hewa ikizibwa, betri inapata joto, taa inawaka na gari linakosa nguvu. Kiti ambacho juu yake Mama hupakia magunia.

Leo asubuhi nikaenda kwake. Nikamwambia yote.

— Siku tatu uko unanidanganya, weye?

— Nilisikia haya kusema, mama. Sikukuwa najua.

— Si ungesema tu "sijue"? Mimi pia sijue, ndiyo maana nilikuletea motokari!

Hakucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe akanipa ufunguo.

Nikazima gari, kweli safari hii, nikavaa glavu za mpira, nikafungua kifuniko cha lile tundu bila kugusa waya za rangi ya chungwa. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa humo, pamoja na maganda na maharagwe matatu mazima. Nikasafisha feni taratibu kwa brashi. Tukapanda kilima mara tatu, Mama akiendesha, mimi nikiikodolea macho ile taa. Haikuwaka. Betri ya watu ilikuwa inakosa pumzi tu.

Tukirudi, msongamano ukatusimamisha kwenye mzunguko wa barabara na injini ikalala. Vijana wawili wa pikipiki wakashuka, wakaja nyuma yetu.

— Imezima! Tusukume!

Mama akatoa kichwa dirishani.

— Muache! Iko inawaka. Mumuulize mekanisie wangu.

Mekanisie wangu. Fundi wake. Niligeukia upande wa pili ili asione macho yangu.

Mtu wa Komanda amepigiwa simu asije tena. Nami nimekaa hapa mlangoni najizoeza kusema "sijue", kwa sauti, kuku wa jirani wakinishangaa. Ni neno fupi kabisa. Jumatatu mtu mwingine ataleta gari nisilolijua, na gereji nzima itakuwa inasikiliza. Nitaweza kulisema?