Mkeka wa Bahati hatujaukunja

Alief, mtaa wetu huku ughaibuni, Jumamosi, Agosti 2019. Joto la kunata, kama umefunikwa blanketi bichi. Lakini moyo wangu haujainama.

Mimi sikusoma. Ninasema, mjukuu wangu anaandika, na nimemkataza kunilainishia maneno.

Leo tumemzika Bahati, mtoto wa jirani yangu. Aliingia jela ya kaunti kwa miguu yake, kisa ugomvi wa parking. Akatoka amefunikwa shuka. Mama yake aliambiwa kwa simu kwamba alishindwa kupumua.

Basi. Hayo tu.

Kwetu Kivu hatufukii kaburi kabla ndugu hajasimama kusema marehemu alikufaje: homa ilianza vipi, nani alimpa maji, alisema nini mwisho. Hata aliyeuawa na pombe yake tunamsema. Kisha ndipo mkeka wa kilio unakunjwa, matanga yamekwisha.

Jana Pasta wetu alikuja kutuomba tuiruke sehemu hiyo. Eti kesi itakwenda kwa juri, watu kumi na wawili watasikia yote katika chumba kilichofungwa, waamue kama askari washitakiwe, tusije tukaharibu. Nikamuuliza kama Mama Bahati ataingia humo. Akasema hapana, ni siri.

Mama Bahati alikuwa mkekani, chakula hataki. Akaniambia polepole, akiniita bibi kwa lugha ya kwetu, "Koko, mimi nataka tu kujua kama mwanangu aliniita mwishoni."

Pasta akaaga, akasema tutaonana kaburini.

Kwa hiyo leo kaburini nilisimama mimi, koko wa jirani. Nikasema, "Bahati alikufaje, hatujui. Waliokuwa naye ni askari wa jela. Nafasi hii ni yao, tunawangoja."

Nikangoja. Watu wote wakangoja nami, jua linatuchoma. Pasta akaninong'oneza kwamba watu wanaungua. Nikamwambia avue koti.

Tumemfukia, maiti haingoji, lakini mkeka haujakunjwa. Jioni Mama Bahati amekula sombe, majani ya muhogo, kidogo, mkononi mwangu, kama mtoto.

Serikali ikimchukua mtoto wa mtu akiwa mzima ikamrudisha maiti, iseme. Si kwa kumi na wawili peke yao. Kwa mama yake.

Jumatatu tunaubeba mkeka hadi nje ya mahakama. Sijui hao watu wa juri wanapita mlango gani, watatukuta tumekaa. Mimi nimezeekea katika kambi ya wakimbizi, kukaa chini na kungoja hakuna wa kunifundisha.

Tutauliza neno moja tu, kila atakayepita.

Alimwita?