Sumaku ya Bluu ya Kohagi

KITUO KIDOGO CHA POLISI, TANNEBETSU, HOKKAIDO

Maelezo ya shahidi kuhusu taarifa ya wizi wa ng'ombe mmoja wa maziwa

Jina: Kumagai Chisato
Umri: Miaka 56
Kazi: Mkamuaji wa zamu katika mazizi ya watu
Makazi: Tannebetsu, nyuma ya ghala la majani
Tarehe: 14 Februari 2023, saa nane mchana

Nasema kwa hiari yangu, pamoja na yale ambayo sikuulizwa.

Mimi hukamua kwa wafugaji wanapougua au kusafiri. Tangu tarehe 3 nakamua kwa Bwana Onodera Yasuji, aliyeteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Leo saa mbili asubuhi lori lilikuwa lije kumchukua ng'ombe wake mmoja, Kohagi, kwenda machinjioni. Mwaka jana kiwele chake kilivimba mara mbili, sasa anachechemea mguu wa nyuma, na kwenye ubao wa kumbukumbu wa zizini alionekana hana mimba. Kiwele husamehewa, na mguu pia. Kukosa mimba ndiko kulikomwondoa.

Mnamo saa kumi na moja alfajiri nilikuta nafasi yake tupu na kamba haipo. Nilimwita Bwana Onodera. Akatazama, akawapigia simu ninyi polisi hapo hapo. "Wameniibia," alisema. Nikamuuliza nani aibe ng'ombe kilema kwenye theluji hii. Akanijibu, "Kumagai, wewe kamua."

Nikakamua. Saa kumi na mbili na nusu, kulipokucha, niliona nyayo: kwato tatu zimekanyaga sawasawa, moja imeburuzwa, na pembeni alama za mabuti madogo ya mpira. Nilizifuata hadi kwenye banda la zamani la farasi, kama mita mia mbili.

Ndani alikuwemo Bibi Ine, mama yake Bwana Onodera, mwenye miaka themanini na moja. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, ukwato wa Kohagi magotini, kisu mkononi. Usaha ulikuwa umeshatoka.

"Funga mlango, unaingiza baridi," alisema.

"Bibi, polisi wanakuja."

"Waje. Kuna ndoo nyingine."

Nilimwambia kwamba hata ukwato ukipona, ng'ombe hana mimba.

"Anayo. Nimempapasa mwenyewe. Huo ubao wenu umezaa ndama wangapi?"

Hapo nikakumbuka nilichofanya. Ubaoni kila jina lina sumaku: ya bluu ana mimba, nyekundu hana. Novemba, familia ilipokwenda harusini, nilikuwa nafuta ubao na mkono wa koti langu ukaangusha sumaku mbili, ya Kohagi na ya Mitsuba, ng'ombe wa pembeni yake. Nilizirudisha kwa kukisia. Sikumwambia mtu, niliona aibu, nikaenda kula. Kwa sababu ya kukisia kwangu ng'ombe mwenye mimba alikuwa anakwenda kuchinjwa.

Nilirudi nikamweleza Bwana Onodera yote. Nilijua huenda nisiitwe tena zizi lolote hapa kijijini. Alimwita daktari wa mifugo, na dereva wa lori akapewa chai asubiri.

Daktari alifika saa mbili na nusu, akawapima wote wawili. Kohagi ana mimba ya miezi mitano, na mguu utapona ndani ya wiki tatu. Mitsuba hana kitu, na ameshapandishwa mara nne bila kushika mimba. Huyo ataondoka Ijumaa.

Bwana Onodera alimwambia mama yake, "Si ungeniambia."

"Nilikwambia mara tatu. Kila mara ulikwenda kutazama ubao."

Nilidhani Bibi Ine atamgombania Mitsuba pia. Alimkuna tu kati ya pembe, akasema, "Huyu sawa, aende. Nimeanza kufuga kabla hamjazaliwa."

Kwa hiyo hakuna mwizi. Kama kuna mwenye kosa, ni mimi. Nilipokuwa natoka kuja hapa Bwana Onodera aliniita. Nilijua ananifukuza. Akasema, "Saa kumi jioni, usichelewe. Na upitie dukani ulete gundi ya sumaku."

Nimesomewa maelezo haya na ndivyo nilivyosema. Muhuri wangu wa kusainia nimeusahau zizini, naweka dole gumba.

(Dole gumba) Kumagai Chisato

Maelezo ya askari: Mlalamikaji amefuta taarifa yake kwa simu saa tisa kasoro robo. Shahidi alilia kidogo, kisha akauliza duka la vifaa linafungwa saa ngapi. Ameruhusiwa kuondoka saa tisa, awahi kukamua.

Koplo Hirosawa