Nilimpeleka Kuona Picha, Yeye Akampenda Mbuzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu tatizo langu ni kwamba Jumamosi nilifurahi kutwa nzima na sasa sijui furaha ile niipeleke wapi.

Mimi ni msichana ninayefanya kazi katika ofisi inayochapisha vitabu vya shule, na kazi yangu hasa ni kutunga yale maswali yanayokuja mwisho wa kila sura, yale ya "Unadhani mwandishi alikuwa na maana gani?", kwa hiyo siku nzima nakaa kwenye meza ya dirishani nikiwaza jinsi ya kumpima mtu asiyeniona, na jioni nikitoka kichwa changu hakitoki, kinaendelea na kazi njiani, jikoni, mpaka kitandani. Mchumba wangu, kama naweza kumwita hivyo wakati bado sijamjibu, ni fundi wa mapazia. Tulijuana alipokuja kupima madirisha ya ofisi yetu, akaniomba radhi, akavua viatu, akapanda juu ya meza yangu kwa soksi, na akiwa huko juu na tepu yake akaniambia, "Dada, jua linakupiga usoni siku zote hizi na umenyamaza tu?" Nikagundua kwamba ni kweli, nilikuwa nimenyamaza tu.

Mwezi uliopita aliniuliza kama nitakubali anioe. Aliuliza vizuri, bila mbwembwe, tukiwa tumekaa barazani kwa dada yangu, nami nikamwambia anipe muda, kwanza twende mjini siku moja tukazunguke nyumba za sanaa, tukirudi nitamjibu. Yeye alidhani nataka matembezi. Sikumwambia kwamba safari ile ilikuwa mtihani.

Naomba nieleze. Tangu nilipokuwa chuoni nina desturi ya kupanda basi la asubuhi peke yangu kwenda mjini, huko kuna nyumba tatu za sanaa ambazo mtu anaweza kuzitembelea kwa miguu, nazizunguka zote bila kusema neno na kurudi jioni, na hizo ndizo siku ninazojisikia kuwa mzima. Katika nyumba ya pili, ghorofani, kuna picha ya mama aliyekaa kwenye ngazi na ndoo kando yake, na hiyo ndiyo picha yangu, siwezi kuieleza. Basi nikajiwekea moyoni kwamba tukimaliza nitamuuliza ni picha gani iliyomkaa, na akitaja hiyo, au hata nyingine ya hadhi yake, nitasema ndiyo.

Mshauri, mtihani aliuanguka tangu mlangoni. Tulipoingia nyumba ya kwanza hakutazama picha, alitazama juu. "Madirisha marefu hivi," akasema, "na hakuna hata kipande cha pazia! Wenyewe wamehama?" Alizunguka chumba kizima na mikono nyuma kama mkaguzi, akawasalimia walinzi wote mmoja mmoja, na mlinzi mmoja, mama mtu mzima, yeye ndiye aliyemuuliza miguu yake inahimilije kusimama kutwa, mpaka yule mama akaacha kulinda akaanza kumweleza habari za magoti. Tulipofika kwenye turubai kubwa iliyopakwa nyeusi tupu, ambayo mimi huwa nasimama mbele yake kwa uso wa msibani, aliniinamia sikioni: "Huyu rangi nyingine zilimwishia?" Niliuma mdomo. Nilikuwa na hasira na nilikuwa nataka kucheka, na sikujua kipi kitangulie.

Nyumba ya pili nilimwambia naenda ghorofani, akasema, "Nenda tu, mimi nitakusubiri," lakini baadaye akapanda, akasimama kando yangu mbele ya yule mama wa kwenye ngazi, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza taratibu, "Huyu mama amechoka. Anamsubiri nani?" Sikumjibu. Mahali pale huwa siongei na mtu, na niliona ameniingizia sauti chumbani mwangu. Akangoja kidogo, halafu akashuka ngazi polepole, nami nikabaki nilivyozoea. Nilipotoka nilimkuta amekaa ukutani nje, ana vikombe viwili vya chai alivyoazima mgahawani, changu amekifunika na kisahani kisipoe. Hakuniuliza kwa nini nimekawia.

Tulipomaliza nyumba ya tatu tukarudi kwenye mgahawa uleule na nikamuuliza swali langu. Akafikiri kwa bidii, akakusanya makombo ya mkate kwa kidole, akasema, "Yule mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Yule wa karibu na choo, nyumba ya pili, chini."

Mshauri, mimi nimekwenda pale miaka na miaka na sijawahi kuona mbuzi. Nikamwambia hakuna mbuzi. Akasimama. "Hakuna mbuzi? Inuka twende kabla hawajafunga!" Tukakimbia, mimi na viatu vyangu vya kubana, tukamkuta mlinzi anavuta mlango, mchumba wangu akamwambia, "Mama, nakuomba, huyu anataka kuondoka bila kumwona mbuzi," na yule mlinzi badala ya kutufukuza akasema, "Ah, mbuzi! Haya mbio, na msimguse." Ni picha ndogo, fremu yake ya bei rahisi, imetundikwa kwenye ujia wa chooni ambako hata taa haifiki vizuri. Mbuzi amesimama juu ya kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, anakutazama kama vile wewe ndiye uliyeingia chumbani kwake bila hodi. Miguu ya nyuma imechorwa vibaya, nadhani mchoraji alichoka. Uso ni wa mjomba wangu kabisa, akiambiwa chakula bado. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, yeye akacheka kwa kuniona ninacheka, mlinzi akacheka bila kujua sababu, na kwenye basi tulikuwa tukinyamaza kidogo mmoja anasema "shuka jeupe" tunaanza upya, mpaka mama aliyekaa mbele akageuka kututazama. Kisha mchumba wangu akalala begani kwangu, mdomo wazi, na mkono wangu ukafa ganzi, lakini sikujisogeza mpaka tunafika.

Tangu siku hiyo sina raha kwa sababu ya raha. Dada yangu nilipomsimulia alisema, "Mdogo wangu, unatafuta mume au unatafuta mtahiniwa?" Mwenzangu wa ofisini naye akasema, "Shoga, mtu anayepita kwenye picha kama anawahi basi, na moyo wako ataupita hivyohivyo." Maneno hayo yamenichoma. Naogopa kwamba nitaishi naye nikicheka, halafu siku moja nitahitaji mtu wa kusimama nami mbele ya yule mama wa kwenye picha, nigeuke, nimkute anapima dirisha. Na naogopa pia kwamba nitamkataa, nirudi kusimama pale peke yangu mpaka nizeeke, huku nikijisifu kwa ukimya wangu. Yeye hajaniuliza tena. Juzi alikuja kutundika pazia chumbani kwangu, akasema, "Hii si hongo, dirisha lako lilikuwa uchi." Jumapili atakuja kula mchana kwa dada, na nimeahidi kwamba siku hiyo nitamjibu. Mshauri, kuridhika kunatosha? Au mtu anayeridhika ni mtu aliyeacha kutafuta?

Ni mimi,
Mtunga Maswali

*

Mtunga Maswali, mwanangu, nimekucheka. Nilingoja mpaka mwisho kama ulivyoniomba, lakini mbuzi alinishinda.

Sasa tuzungumze. Pole kwa kukosa raha, ila raha yako umeikosesha mwenyewe. Umempeleka kijana wa watu mjini, umemtembeza nyumba tatu, umemuuliza swali moja, na jibu sahihi ulikuwa nalo mfukoni hujamwonyesha hata kitabu. Wewe kazini ukimfanyia mwanafunzi hivyo, wazazi wake watakuja na fimbo. Mtihani ambao mtahiniwa hajui kwamba yumo chumbani unaitwa mtego, na mitego ni ya panya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Picha yako, ile inayokufanya uwe mzima, umeipa sentensi moja na ukasema huwezi kuieleza. Mbuzi umemweleza kuanzia shuka mpaka miguu ya nyuma. Simaanishi kwamba unampenda mbuzi kuliko yule mama. Namaanisha kwamba mbuzi ulimtazama ukiwa na mtu, ndiyo maana ulimi umefunguka. Yule mama unasema hawezi kuelezwa, lakini je, umewahi kujaribu? Hukumweleza dada yako, hukunieleza mimi, na kijana alipokuomba hukumweleza.

Maana alikuomba, mwanangu. Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Alipanda ghorofani ingawa alikwishasema atasubiri chini, akasimama, akanyamaza kwanza, kisha akauliza swali. "Anamsubiri nani?" Wewe unayekula kwa kutunga maswali, nitungie zuri kuliko hilo! Na ukamwacha hivihivi, akashuka ngazi peke yake, akaenda kukutafutia chai. Katika safari nzima aliyeacha swali bila jibu ni wewe.

Mwenzako wa ofisini mwambie hivi: anayewahi basi hawezi kumwona mbuzi aliyetundikwa gizani kando ya choo. Wewe mwenye macho yaliyosoma ulimpita miaka. Huyu anatazama, ila anatazama kwa namna yake. Anaona magoti ya mlinzi, jua usoni mwako, dirisha lililo uchi. Haoni kama wewe, na hataona kama wewe hata mkizeeka pamoja; hilo likubali mapema au mwache mapema, usimchukue kwa matumaini ya kumsahihisha kwa kalamu nyekundu. Ningeona amekidhihaki unachokipenda ningekwambia fungasha. Sijaona. Ameitania turubai nyeusi, na wewe mwenyewe uliuma mdomo.

Unauliza kama kuridhika kunatosha. Umri wako unapenda kudhani kwamba kinachouma ndicho cha kweli, na kinachochekesha ni cha kupitisha muda. Mimi nimekaa kwenye kiti hiki nikisoma barua za watu kwa muda mrefu, na anayeniandikia kwamba alifurahi kutwa nzima na mtu mmoja, kisha mkono ukafa ganzi na hakuusogeza, namwona mara chache kuliko anayelia. Usiitupe siku kama hiyo kwa sababu haikuja na majibu uliyoyaandaa.

Desturi yako ya kwenda peke yako usiiache. Mwambie wazi kwamba kuna Jumamosi utapanda basi bila yeye na hutaki kuulizwa umeona nini. Mtu mwenye kazi yake atakuelewa, na yeye pia atakuwa na siku zake za kukaa na vitambaa vyake.

Lakini Jumapili hii, kabla chakula hakijapakuliwa, mtoe barazani muwe wawili. Usianze na ndoa. Kwanza ungama kwamba ulimtega, useme kwa kinywa chako, bila kuipamba. Huenda akacheka, huenda akanuna. Akinuna mwache anune, ana haki yake. Kisha mwambie, "Uliniuliza yule mama kwenye ngazi anamsubiri nani," na umjibu. Mweleze unavyodhani, hata maneno yakitoka yamepinda, hata ukilia. Halafu nyamaza umsikilize.

Ukimaliza hapo, lile swali lake jingine, la ndoa, hutahitaji mshauri wa kulijibu. Na kama katikati ya maelezo yako utamwona macho yamekimbilia dirishani kwa dada, usikate tamaa. Huyo ni fundi wa mapazia. Mngoje arudi, uendelee ulipoishia.