Mahali pa Kuweka Sauti ya Randa

Jumatatu, 3 Machi

Diski ya kompyuta inagonga tena. Tak, tak — kimya — tak. Nimempelekea fundi, mama mwenye duka dogo nyuma ya posta. Ameitegea sikio, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii ina wiki, haina mwezi."

Ndani yake mna rekodi mia mbili na kumi na mbili. Mdogo wangu Randa, seremala, akinieleza maneno ya kazi yake kwa ajili ya kamusi yangu. Miaka mitatu ya vikao. Tarehe 20 madaktari wanamtoa kikoromeo. Hatasema tena.

Fundi anataka niziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ameniandikia majina ya huduma tatu. Nichague upesi, anasema.

Jumatano, 5 Machi

Huduma ya kwanza ni ya bure, lakini faili zangu hazitoshi hata robo. Nimeifuta orodhani.

Ya pili ni kubwa na ya haraka. Nimesoma masharti yake yote, kurasa thelathini na nane. Katika ukurasa wa ishirini na sita wanasema wanaweza kutumia vilivyomo "kuboresha huduma". Maana yake nini? Nani atakaa amsikilize Randa akikohoa? Nimewaandikia barua pepe. Wamejibu kwamba maoni yangu ni muhimu kwao. Hawakujibu swali.

Nimemweleza fundi. Amecheka mpaka akashika meza. "Mwalimu, unaweka faili, huposi mke. Masharti hayasomwi na mtu."

Mimi nimeyasoma.

Ijumaa, 7 Machi

Usingizi haba. Ya tatu hufunga faili kwa neno la siri kabla hazijatoka nyumbani. Wenyewe hawawezi kuzifungua. Ukilisahau neno, umezipoteza, wala hapana wa kumlalamikia. Ni ukali ninaouelewa.

Randa hajaridhika. Ananong'ona tu siku hizi. "Kaka, hata patasi nikiazimisha, najua mlango wa kwenda kuidai. Hao wako wanakaa wapi?"

Hata hivyo nimejiandikisha.

Jumanne, 11 Machi

Asilimia kumi na tisa.

Mtandao umekatika mara nne. Diski inagonga. Nazunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili, 16 Machi

Sitini na moja. Shemeji, mke wa Randa, amekuja kuuliza kama zitawahi. Nikasema zitawahi. Sikujua.

Jumatano, 19 Machi

Zimekamilika adhuhuri. Fundi akasema akiba usiyoijaribu si akiba, basi nikarudisha moja: ile Randa anapomcheka mkewe, ambaye alikuwa amechanganya tezo na shoka. "Mke wangu, kwa shoka hilo utanichongea jeneza, si kiti!" Kisha kicheko chake kirefu, na shemeji akimwambia anyamaze.

Nimemtumia shemeji kwenye simu. Nilidhani namfariji.

Diski nayo imenyamaza jioni. Fundi amethibitisha: imekufa; amenitilia nyingine tupu. Sasa nakala zote ziko huko tu.

Alhamisi, 20 Machi

Saa tano nzima kwenye korido. Ametoka salama.

Jumanne, 25 Machi

Wodini. Randa ameomba daftari kwa ishara. Ameandika: Zifute.

Nikadhani sijasoma vizuri. Akaandika tena, pole pole, kwa zile herufi zake za kiseremala, zilizonyooka kama zimepigwa rula:

"Jana nilijifanya nimelala. Mke wangu alikuwa ananisikiliza kwenye simu, huku nimelala mbele yake. Akicheka na yule. Kaka, nitakuwa mke mwenza na sauti yangu mwenyewe. Nimemwambia afute yake. Zako pia."

Nikamwambia kuhusu kamusi. Akaandika: "Maneno unayo kwenye karatasi."

Ni kweli. Nimeyanukuu yote. Nimemwahidi.

Jumatano, 26 Machi

Nimezichagua zote na kubonyeza Futa. Ikatokea taarifa: faili zimehamishiwa kwenye pipa, zitaondolewa kabisa baada ya siku thelathini. Chini yake swali: ziondolewe sasa hivi?

Niliondoka mezani. Niliporudi, kioo kilikuwa kimezimika.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Randa nimefuta. Amenishika mkono muda mrefu. Nilitazama dirishani.

Jumapili, 6 Aprili

Ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimefungua pipa mara tatu leo. Kila faili ina namba ya siku zilizobaki pembeni: 11. Sijasikiliza hata moja. Nilichapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huu.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamekuja wote wawili. Randa hawezi kuona mlango umelegea akaketi. Yuko jikoni anakaza bawaba. Shemeji amevuta kiti karibu nami na kushusha sauti.

"Shemeji, nilifuta ya kwangu mbele yake, akaona. Sikukataa. Lakini usiku nikijaribu kuikumbuka sauti yake, inakuja ya kaka yake. Inakuja yako. Wewe hutupi kitu, nakujua. Nipe ile moja tu, nitamficha."

Nikamwambia, "Mume wako aliniomba."

"Aliomba kwa ajili yake. Mimi nani aliniuliza?"

Nimesema nafuata miwani chumbani. Iko usoni mwangu, ameiona. Pipa liko wazi hapa. Namba ni 6. Rejesha na Ondoa vimekaa sambamba, vitufe vya ukubwa mmoja.

Bisibisi imegonga mlango wa jikoni mara mbili. Ndivyo Randa anavyoita siku hizi. Sijamsikia shemeji akiinuka. Imegonga tena. Sijui anamwita nani kati yetu.