Pazia la Justus

Mama Simiyu, mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Binti yangu Nasimiyu amekataa kuzalishwa na daktari. Anataka mkunga, maana daktari huruhusu mtu mmoja tu chumbani, lakini mkunga anaruhusu mume pamoja na mama.

Mumewe Justus akaruka. Mume na MAMA MKWE? Chumba kimoja? Huyu ambaye hapa kwenye fleti yao ya Discovery Gardens ametundika pazia katikati ya nyumba, eti kwa heshima mimi na yeye tusitazamane!

“Twende tu kwa daktari,” akasihi.

“Nibaki na wewe peke yako? Wewe damu ya kuku inakukimbiza! Namtaka mama pia, Justus. Naogopa.”



Mkwe akapanda kiti, akalitungua pazia, akalikunja vizuri, akalitia kwenye begi la hospitali. Pamoja na misumari yake!